Baba Anaita Kutoka Majini

Kila mama anaujua uzito wa kitinda mimba. Mtoto wa kwanza akiondoka nyumbani, pengo lake huzibwa na kelele za wadogo zake. Lakini wa mwisho akifunga begi, nyumba nzima hunyamaza.

Wangu ana miaka 19. Alipomaliza kidato cha sita alituambia anataka kusomea ubaharia Dar es Salaam, awe fundi wa mitambo ya meli kama baba yake. Akina mama wenzangu mlioolewa na mabaharia mtanielewa. Kwa miaka 31 bahari imekuwa mke mwenzangu. Baba watoto akikaa nyumbani miezi mitatu, hukaa majini tisa. Surua, karo za shule, misiba ya ukoo, mengi nimeyakabili peke yangu. Sasa bahari ilikuwa inaniomba na kitinda mimba. Nilimwomba kijana anipe muda wa kufikiri, na muda huo ukaangukia ndani ya safari ambayo sikuitegemea.

Binti yetu wa kwanza ni muuguzi katika mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei. Nilipostaafu ualimu alitoa akiba yake akatukatia tiketi, yeye na mimi, katika meli ndogo inayozunguka Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo katikati ya bara la Ulaya na Ncha ya Kaskazini. Niliona mengi, lakini leo nitawasimulia siku moja tu ya Julai 2025, siku tuliyoingia mlango-bahari wa Hinlopen.

Huko wakati huo wa mwaka jua halizami kabisa, kwa hiyo asubuhi niliijua kwa saa ya mkononi tu. Nilivaa sweta mbili, suruali mbili, koti zito na jaketi la kujiokolea juu yake. Binti yangu alicheka akasema, "Mama, unatembea kama mtoto anayejifunza hatua." Baridi ilikuwa kama ya Makete mwezi wa Juni, ila upepo wake ulikuwa umepita juu ya barafu.

Tulishushwa katika boti za mpira, watu kumi kumi, kila kundi na kiongozi wake mwenye bunduki begani kwa ajili ya kujihami na dubu. Kwanza tulikwenda kuwatazama walarasi. Hao ni jamaa ya sili, wenye meno mawili marefu yanayoning'inia kama pembe za ndovu. Dume mmoja huweza kupita kilo 1,000. Walikuwa wamelaliana ufukoni kama magunia sokoni, wakikoroma na kukwaruzana. Kiongozi alizima injini tukawa mbali nao, akatueleza kwamba wawindaji waliwaua kwa mamia ya miaka kwa ajili ya mafuta na meno, hata wakakaribia kwisha. Norwei iliwawekea ulinzi mwaka 1952, nao wakaanza kurudi polepole.

Mchana tukiwa mezani, nahodha alitangaza kwamba dubu ameonekana. Tuliacha supu tukakimbilia nje. Alikuwa jike mwenye watoto wawili, wakitembea kando ya maji. Meli haikumsogelea, kwa sababu sheria iliyoanza Januari 2025 inataka umbali usiopungua mita 300, na mita 500 kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Niliazima darubini ya binti yangu. Mama alitangulia, akasimama, akageuka kuhesabu wanawe, akaendelea. Kiongozi alisema dume hana sehemu yoyote katika malezi. Jike huzaa ndani ya shimo la theluji wakati wa baridi kali, huwanyonyesha na kuwafundisha kuwinda peke yake, mpaka wafikishe kama miaka miwili na nusu. Nilimtazama kwa muda mrefu. Nilimwona kama dada yangu.

Lakini jambo lililonigusa zaidi lilikuja jioni, kwenye jabali la Alkefjellet. Ni ukuta wa mawe meusi uliosimama wima kutoka baharini, wenye urefu wa kama mita mia moja. Kila upenyo wake umejaa ndege weusi mgongoni na weupe tumboni, ambao Wanorwei huwaita polarlomvi. Hapo huzaliana makumi ya maelfu ya jozi. Kelele zao zilitufikia kabla hatujawaona vizuri, na harufu ya kinyesi ilikuwa ya banda la kuku lisilofagiliwa mwaka mzima.

Ndege hawa hawajengi kiota. Jike hutaga yai moja tu juu ya jiwe tupu, kisha baba na mama huliatamia kwa zamu kwa muda wa kama mwezi mmoja. Kifaranga akianguliwa wote wawili humletea samaki. Anapofikisha kama wiki tatu, mabawa yake yakiwa bado hayawezi kuruka, huacha jabali. Hujitupa chini.

Tuliwaona kwa macho yetu. Mmoja alisimama ukingoni, akarudi nyuma, akasimama tena. Mimi nilikuwa nimemshika binti yangu mkono bila kujua. Kisha akaruka, akipepesa vile vibawa vyake vifupi, akatua majini. Mwingine aliangukia mawe, na mbweha aliyekuwa akingoja chini akamchukua. Mama mmoja ndani ya boti alipiga kelele. Kiongozi hakusema kitu, na mimi nilimheshimu kwa kutotudanganya.

Ndipo nikauliza, "Yule aliyetua majini anakwenda wapi peke yake?"

"Hayuko peke yake," akajibu. "Sikiliza."

Katika kelele zote zile, ndege mmoja mzima alikuwa juu ya maji akiita, na kifaranga akimjibu kwa sauti nyembamba. Walitafutana kwa sauti mpaka wakakutana, wakaanza kuogelea bega kwa bega kuelekea bahari kuu. Huyo aliyeita ni baba. Atamlisha na kumfundisha huko majini kwa mwezi mmoja au zaidi. Na mama? Mara nyingi hubaki juu ya jabali siku kadhaa zaidi, pale palipokuwa na mtoto.

Binti yangu alinitazama, akanyamaza. Alijua ninamfikiria nani.

Usiku huo, jua likiwaka, nilimwandikia baba watoto barua. Sikumwuliza kama mtoto ameiva. Nilimwuliza, "Akifika huko majini, wewe utakuwa wapi?" Nilimwomba aahidi mambo matatu: kumpigia simu kila wiki akiwa chuoni, kuwapo nyumbani siku atakayoondoka, na kumtafutia baharia mzee wa kumwangalia katika safari yake ya kwanza. Alikubali yote matatu. Nami nikamwambia kijana aende, na baraka zangu zimfuate.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, mwanao akisimama ukingoni, hofu yako ni ya haki, maana mbweha wapo. Lakini kabla ya kumkataza au kumruhusu, hakikisha yuko mtu chini anayeijua sauti yake na atakayemwita. Akiwa ni baba yake, mkumbushe kazi yake mapema. Kama baba hayupo, mtafute mjomba, mwalimu au jirani mwaminifu. Wewe uliyebaki juu, usione aibu kukaa kidogo mahali palipokuwa pake. Hata wale ndege hukaa.