Damu ya Filamu na Damu Yetu

Wazazi wa hapa kambini huniuliza: nyie vijana mmekimbia damu Kongo, mbona mnalipa pesa kuingia kibanda umiza kuangalia damu nyingine? Swali ni la haki, na mimi nafanya kazi na vijana, kwa hiyo lazima nilijibu.

Napenda filamu za zamani za kutisha na za kisasi. Siongelei hizi za sasa, ambapo mtu mmoja anaua hamsini na hatuoni hata msiba mmoja. Naongelea zile za miaka ya 1960 na 1970, zilizotengenezwa kwa pesa kidogo.

Chukua Night of the Living Dead ya George Romero, Marekani, mwaka 1968. Picha haina rangi. Wafu wanafufuka na kula watu, na watu saba wanajikuta ndani ya nyumba moja ya shambani. Ukiangalia vizuri, wale wafu wanatembea polepole, hata bibi yangu angewakimbia. Kinachowamaliza walio ndani ni ubishi. Huyu anataka wajifungie chumba cha chini, yule anataka wabaki juu, na wote wawili wanataka bunduki. Si ni kama mikutano yetu ya bloku?

Shujaa ni Ben, mtu mweusi, aliyechezwa na Duane Jones. Wakati ule ilikuwa nadra mweusi kupewa nafasi kama hiyo. Anaokoka usiku kucha peke yake, tena ndani ya chumba kile kile cha chini alichokikataa. Asubuhi wanakuja watu wenye silaha, wa kuokoa. Wanamwona dirishani na kumpiga risasi ya kichwa, wakidhani ni mfu. Hawakumwita, hawakumwuliza kitu.

Nilipowaonyesha vijana wangu, wote wakubwa wa miaka kumi na nane kwenda juu, hapo walinyamaza. Hakuna aliyesubiri tafsiri. Wengi wetu tunajua kuokoka usiku, halafu asubuhi ukutane na mwenye bunduki anayekuangalia na kuona kitu kingine.

Ya pili ni Lady Snowblood, ya Japani, mwaka 1973. Mama mmoja aliuliwa mume na mtoto na genge la watu wanne. Akamuua mmoja, akafungwa. Gerezani akatafuta mimba makusudi, ili azae mtu wa kumalizia kazi. Akafa alipojifungua. Mtoto, Yuki, alichezwa na Meiko Kaji, na tangu utoto alifundishwa upanga tu. Hakuna aliyemwuliza yeye anataka nini.

Kati ya watu anaowatafuta, mmoja amekuwa mzee mlevi, mgonjwa, anayelishwa na binti yake. Yuki anamuua hata hivyo. Mwisho wa filamu, yule binti anamchoma Yuki kisu.

Kijana mmoja, ambaye baba yake aliuawa kule kwetu, alikuwa akituambia kila wiki kwamba siku akirudi atamaliza watu fulani. Baada ya filamu akaniuliza, "Yaya, yule binti alikosa nini?" Nikamwambia hakukosa kitu. Akasema, "Na Yuki naye hakukosa." Halafu akanyamaza muda mrefu. Sikuongeza neno.

Siwezi kusema alisamehe. Sijui kama mimi mwenyewe ningeweza, na sitamdai mtu ambaye hakuzika baba yake. Lakini semina zetu huwa zinatuambia "kisasi ni kibaya" kisha tunagawiwa soda. Filamu hii ilimwacha akae na hasira ya Yuki saa moja na nusu, akaifurahia kabisa, kisha ikamwonyesha mtoto wa adui naye ana mikono.

Kwa hiyo wazazi wangu, jibu langu ndilo hili. Damu ya kwetu tuliiona tukikimbia, hatukupata nafasi ya kuuliza kitu. Hii ya filamu tunaiangalia tumekaa, jirani yuko pembeni, na taa ikiwaka tunaweza kuongea. Njooni siku moja mkae nasi. Benchi la nyuma tutawaachia ninyi, maana mbele vijana wanapiga kelele sana.