Jumanne Ilikuwa Zamu Yangu

Sijaposti kwa wiki mbili na wengi wenu mmeniandikia kuuliza kama niko sawa. Niko sawa. Ni binamu yangu ambaye hakuwa sawa, na mimi nilichangia, kwa hivyo wacha niseme tu.

Ana miaka 27. Hapa Kayole wengine humuita kichaa, wengine mlevi. Ukweli ni kwamba anaugua vitu viwili kwa pamoja. Anasikia sauti, na zikimzidi anavuta bangi na kunywa chang'aa ili zinyamaze. Zikirudi zinakuja na nguvu kuliko jana. Mwaka jana tulimpeleka hospitali, wakasema aache pombe kwanza. Tukampeleka kituo cha kurekebisha waraibu, wakasema hawachukui mtu anayesikia sauti, atibiwe kwanza. Miezi mitatu tunarushwa huku na kule. Shangazi akauza friji.

Lakini nisiwadanganye eti ni wao tu walituangusha. Hata sisi nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Shangazi alisaga tembe akaweka kwa uji bila kumwambia. Pasta akamwambia aachane na dawa, afunge na kuomba. Mjomba alimpa mia ya pombe "ndio atulie." Na mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili nikadhani dunia nimeijua kupitia video za dakika moja, nilimletea vidonge vya usingizi nilivyonunua bila kuuliza mtu. Siku moja tukahesabu: ndani ya saa 24 alikuwa amepewa tembe, pombe, mfungo na vidonge vyangu. Wote tulikuwa tunampenda, na tungemuua.

Aliyetushtua ni mama mmoja anayeuza maharagwe karibu na steji. Ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale karibu laki moja waliopewa mikoba ya vifaa mwaka wa 2023. (Mimi nilidhani kazi yao ni kupima presha tu.) Alituita wote kwa shangazi, akatoa daftari. Hakuuliza nani anamwonea huruma. Aliuliza nani ako huru saa mbili asubuhi.

Akasema hizi shida mbili zinalishana, ukitibu moja peke yake nyingine inairudisha, na kuna kliniki anayoijua ambapo nesi anashughulikia zote. Kisha akamgeukia binamu yangu: "Na wewe mwanangu, unataka nini?" Hakuna mtu alikuwa amewahi kumuuliza. Akasema anataka kulala usiku, na anataka tuache kunong'ona akiingia.

Daftari ikajaa. Shangazi, tembe, mezani, akijua ni tembe. Jamaa wa boda, kumpeleka kliniki, sisi tulipe mafuta. Pasta alisumbua, ilibidi nesi aongee naye mara mbili, ndio akakubali kuomba baada ya dawa. Mama pima alikataa katakata kuacha kumuuzia. Biashara ni biashara. Tulichopata kwake ni ahadi kwamba akimwona kwake usiku, atapiga simu. Mimi nilipewa Jumanne moja kila baada ya wiki nne, kumsindikiza akadungwe sindano.

Miezi minne sikukosa. Wa tano nikapigiwa simu ya kazi, kutangaza viatu, elfu kumi na tano. Nikajiambia tutaenda kesho. Kesho akakataa. Wiki iliyofuata akakataa tena. Wiki ya tatu sauti zikarudi.

Saa nane usiku mama pima akampigia jamaa wa boda: kijana wenu ametoka hapa bila viatu, anabisha milango ya watu. Boda ilipofika, watu walikuwa washaanza kusema mwizi na mmoja alikuwa na jiwe mkononi. Dakika tano zaidi na ningekuwa naandika kitu kingine.

Kwa wale mnaoniomba namba, ya NACADA ni 1192, bure. Pigeni. Na ndiyo, sheria ya afya ya akili ilirekebishwa 2022 na kaunti zina wajibu wao, nitaendelea kuwakalia. Lakini siku ile iliyoharibika, hakuna kaunti iliyokosea. Gari la kwenda kliniki lilikuwepo, nesi alikuwepo, sindano ilikuwepo.

Nilidhani mama wa maharagwe atanifokea. Aliniuliza tu mbona sikusema kwenye grupu, kwa sababu asubuhi hiyo watu wawili walikuwa huru. Sikuwa na jibu. Nafikiri niliona aibu kusema nimeshindwa, kwa sababu huku mnaniona kama mtu anayejua mambo.

Bado yuko wodini, anatoka Ijumaa. Jana mama alifungua ukurasa mpya wa daftari. Jumanne ameniandika tena mimi, na kando yangu ameandika jina la pili, kwa kalamu nyekundu. Kwa hivyo Jumanne ijayo msinitafute hapa.