Fimbo na ngao: vijana wawili wa Fizi wamchagulia shujaa wa Mungu silaha

Kila mwisho wa juma, kijana mmoja wa miaka 16 anayeishi jimbo la Kentucky, Marekani, anatuma sauti kwa simu hadi karibu na Uvira. Alizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na wazazi waliokimbia Fizi. Anayepokea sauti hizo ni mtoto wa baba yake mdogo, mwenye miaka 15. Huyo anakaa na bibi yao katika nyumba ya familia moja ya wenyeji iliyowapokea, kwa maana wao ni wahami wa vita.

Sauti hizo hazihusu pesa wala makaratasi ya safari. Zinahusu swali moja: mtu anayepigana kwa jina la Mungu anafaa kushika silaha gani?

Ni mchezo tu. Lakini katika jamaa hiyo silaha haijawahi kuwa mchezo, na ndiyo sababu swali hilo liliwachukua wiki nyingi.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Hauhitaji runinga wala umeme. Watu wanakaa mezani, mmoja wao anasimulia safari, na kila mwingine anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi hiyo: mwizi, mchawi, mwindaji, padri. Mtu akitaka kufanya jambo gumu, kama kuruka korongo au kupiga adui, anarusha dadu, na namba inayotoka ndiyo inaamua. Nguvu, mali na silaha za kila mchezaji zinaandikwa kwenye karatasi.

Kijana wa Kentucky alialikwa na wenzake wa shule. Wakamwambia kwamba hawana paladini, yaani mpiganaji mtakatifu, mtu aliyekula kiapo mbele ya Mungu au mbele ya haki, na anayepata nguvu zake kutoka kwa kiapo hicho. Akakubali. Akaandika jina la shujaa wake, akaandika kiapo. Alipofika mstari wa silaha, akasimama.

Mama yake aliiona karatasi hiyo juu ya meza ya chakula.

“Mwanangu, sisi tumekimbia hivi vitu. Wewe unaviandika?”

“Mama, ni mchezo wa dadu tu.”

Mama hakujibu. Aliigeuza karatasi upande usioandikwa, akaendelea na kazi yake.

Alikuwa na sababu. Watu wa milima ya Kivu wamewasikia wengi wakisema kwamba wanapigana kwa nguvu za juu. Hata jina Mai-Mai limetokana na maji, yale ambayo wapiganaji walinyunyiziwa wakiamini kwamba masasi hayatawapata. Kwa mama huyo, mtu mwenye silaha anayetaja jina la Mungu ni mtu wa kuogopwa mara mbili. Mtoto akisema “mpiganaji mtakatifu”, yeye anasikia hatua za watu usiku kwenye kiambo.

Kijana hakubishana naye. Alianza kusoma, maana alitaka kujua wale waliotunga mchezo walilijibu vipi swali hilo.

Alikuta kwamba swali ni la zamani kuliko mchezo. Katika kanuni za kwanza za 1974, padri alikatazwa silaha zenye makali. Hakuruhusiwa upanga wala kisu. Alishika rungu au nyundo. Wazo hilo linafungamanishwa na askofu Odo wa Bayeux, ndugu wa mama mmoja na William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Kuna kitambaa kilichotariziwa, chenye urefu wa karibu mita 70, kinachosimulia vita hivyo, na askofu huyo anaonekana juu ya farasi ameshika rungu. Wengi walieleza kwamba aliliinua rungu kwa sababu mtu wa kanisa hapaswi kumwaga damu.

Kijana alipomtumia binamu yake maelezo hayo, jibu lilirudi haraka.

“Yaya, huyo aliyesema rungu halimwagi damu hajaona mtu aliyepigwa rungu.”

Ni kweli, na kijana alijua kwamba ni kweli. Rungu halimfanyi mtu kuwa mwema.

Paladini aliingia katika mchezo mwaka 1975. Jina lake limetoka katika hadithi za mashujaa waliomzunguka mfalme Charlemagne, na anayejulikana zaidi kati yao ni Roland, aliyekufa Roncevaux mwaka 778. Hadithi zinampa Roland upanga wenye jina, Durendal. Kwa hiyo upanga umekuwa silaha ya paladini tangu mwanzo, na katika mchezo upanga wa thamani kuliko yote umewekwa kwa ajili yake. Anayemchora paladini humchora na upanga.

Baba wa kijana, aliyesoma kwa mapadre akiwa mtoto, alisikia mazungumzo hayo akaingilia. Akakumbusha habari za Jeanne d'Arc, msichana wa Ufaransa aliyeongoza askari akisema ametumwa na Mungu. Alikuwa na upanga, ule uliopatikana katika kanisa la Mtakatifu Katarina huko Fierbois. Lakini mahakama ilipomuuliza mwaka 1431 alipenda nini zaidi, upanga au bendera, alijibu kwamba bendera aliipenda zaidi mara 40. Alisema aliibeba mwenyewe ili asiue mtu, na kwamba hakuwahi kuua. Walimchoma moto mwaka huohuo. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1920.

“Basi nishike bendera?” kijana akauliza.

“Mimi nimekuambia habari tu,” baba akasema. “Wewe ndiye utakayesimama pale.”

Bendera haina namba kwenye karatasi ya mchezo. Kijana akarudi kwenye hesabu, kwa sababu mchezo una hesabu zake, na mchezaji asiyezijua anawaponza wenzake.

Kwa kanuni za 2014, zile wanazotumia wao, paladini anaruhusiwa silaha zote. Upanga wa mikono miwili unarusha dadu mbili za pande sita. Kwa wastani unaumiza kwa 7. Upanga wa kawaida unarusha dadu ya pande nane, wastani wake 4 na nusu. Fimbo ya mkono mmoja inarusha dadu ya pande sita, wastani 3 na nusu. Kwa hesabu hizo, anayetaka kuumiza sana anachukua upanga mkubwa, na mashauri yanaishia hapo.

Lakini upanga mkubwa unaishika mikono yote miwili. Ngao haina mahali. Ngao inaongeza 2 kwenye namba ya kinga, maana yake ni kwamba kwa kawaida, katika kila mapigo 20 yanayorushwa, mawili ambayo yangekupata yanakukosa. Kisha ipo kanuni ndogo ambayo wachezaji wengi wanaipita. Paladini akifika ngazi ya pili anachagua namna yake ya kupigana, na moja ya hizo ni ulinzi. Mwenye ulinzi, akiwa na ngao, anaweza kumkinga mtu aliye karibu naye kwa hatua moja au mbili. Adui anayempiga mtu huyo analazimika kurusha dadu mara mbili, na inahesabiwa ile namba ya chini.

Bila ngao hakuna ulinzi huo. Kwa hiyo swali halikuwa tena upanga gani unakata zaidi. Lilikuwa hili: je, anataka kuwa yule anayempiga adui kwa nguvu, au yule anayesimama kando ya mwenzake?

Wakati huo binamu aliye karibu na Uvira alikuwa ameomba naye acheze. Kununua mega ni shida, na kuchaji simu ni kulipa, kwa hiyo wakapatana: sauti moja Jumamosi, jibu Jumapili. Dadu hakuwa nazo. Alikata vipande 20 vya karatasi, akaviandika 1 hadi 20, akavitia katika kikombe cha plastiki. Vingine sita akaviweka katika kopo. Anafumba macho, anatoa kimoja. Kazi ni ileile.

Yeye pia alitaka kuwa paladini, lakini hakutaka upanga.

“Hapa kwetu panga najua linafanya nini,” alisema katika sauti yake. “Sitaki kulishika hata kwa mawazo.”

Alisema pia jambo ambalo kijana wa Kentucky hakulitegemea. Vijana wa rika lake wanajua kwamba makundi yenye kushika silaha yanatafuta watu kama wao. Mwenye bunduki anaheshimiwa njiani, anakula, na hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Mtoto wa wahami, asiye na shamba wala shule, anaulizwa kila siku. Kwa hiyo yeye alipoulizwa “utashika silaha gani?”, hakusikia swali la mchezo peke yake.

Bibi alikuwa anachambua maharagwe karibu naye, na sauti yake imo katika ujumbe uleule.

“Mtu wa Mungu anaanza kwa kuuliza silaha?” alisema. “Aulize kwanza anachunga nani. Akijua, hata fimbo itamtosha.”

Bibi huyo alichunga mbuzi na ng'ombe za baba yake alipokuwa msichana. Fimbo ya mchungaji anaijua: inarudisha mnyama njiani, inasukuma nyoka, inapima maji mtoni kabla ya kundi kuvuka, na mtu akichoka inambeba. Inaweza kupiga pia, lakini si kwa ajili hiyo mchungaji anaibeba.

Kijana akaipima fimbo ya bibi kwa hesabu za mchezo, akashangaa. Tofauti yake na upanga wa kawaida ni namba 1 tu kwa wastani. Fimbo inashikwa kwa mkono mmoja, kwa hiyo ngao inapata nafasi. Bei yake ni sarafu 2 za fedha, wakati upanga wa mikono miwili unauzwa sarafu 50 za dhahabu. Mwenye kununua upanga mmoja huo angeweza kununua fimbo 250. Wakikutana na mifupa inayotembea, yaani maiti waliofufuliwa kwa uchawi, kila pigo la fimbo linahesabiwa mara mbili, kwa sababu mifupa inavunjwa, haikatwi. Ukiongeza nguvu ya mkono, hapo fimbo inaupita hata upanga mkubwa.

Tena nguvu takatifu ya paladini, ile inayoshuka wakati wa kupiga, haiangalii chuma. Inaongeza dadu mbili za pande nane, iwe kwenye upanga wa bei kubwa, iwe kwenye fimbo. Namba hiyo inatoka kwa kiapo. Na paladini yuleyule ana mkono unaoponya: kwa kila ngazi aliyofika, anaweza kurudisha pointi 5 za uhai kwa majeruhi kila anapopata mapumziko marefu. Kwa kazi hiyo silaha yoyote inawekwa chini.

Wote wawili wakaandika jambo moja: fimbo, ngao, ulinzi. Kijana wa Kentucky aliongeza mikuki mitano ya kurusha, maana adui aliye mbali haifikii fimbo. Binamu hakuongeza kitu.

Wenzake wa shule walicheka walipoiona karatasi. Mmoja alimwambia kwamba ametupa bure nusu ya nguvu zake. Kwa hesabu ya kuumiza hakukosea: upanga mkubwa unaumiza mara mbili ya fimbo, na siku ya kukutana na jitu kubwa pengo hilo litaonekana. Kijana alikubali hayo, na karatasi yake akaiacha ilivyo.

Jumamosi iliyofuata waliingia katika pango la mifupa. Mchawi wao, mtoto wa Kimarekani mwenye miwani, alikuwa amebakiwa na pointi 2 za uhai. Pigo moja lingemmaliza. Mifupa ikaja upande wake. Paladini alikuwa amesimama kando yake, akainua ngao. Msimulizi akarusha dadu ya kwanza: 17. Ilitosha kuua. Akarusha ya pili, kama kanuni inavyotaka: 4. Ikahesabiwa 4. Mchawi akabaki hai, na kuhusu fimbo hakuna aliyecheka tena siku hiyo.

Jioni kijana alituma habari hizo Uvira. Karibu na Uvira hadithi ya binamu inakwenda polepole, sauti moja kwa wiki. Shujaa wake bado yuko njiani, anawavusha watu mto, na mpaka sasa hajampiga mtu yeyote. Watoto wa ile nyumba wameanza kukusanyika Jumapili kusikiliza, na ni wao wanaotoa vipande katika kikombe, kwa zamu. Zamani walikuwa wakichonga bunduki za miti wakifyatuliana uani. Bado wanachonga. Lakini wiki iliyopita mmoja alikuja na kifuniko cha sufuria mkononi, akauliza kama hicho kinaweza kuwa ngao. Aliambiwa ndiyo, akiwa tayari kusema atamkinga nani. Akamtaja dada yake mdogo.

Huko Kentucky, mama hakuuliza mchezo ulikuwaje hadi walipokuwa wanaosha vyombo.

“Huko mlikoenda,” alisema, “kuna mtu mliyemwacha nyuma?”

“Hakuna, mama. Tulitoka wote.”

Mama akatikisa kichwa kukubali, akampa sahani nyingine aifute.