Wiski ya Kimea na Lutuku ya Kwetu

Ndugu msomaji, katika vijitabu kama hiki wengine wanaandika juu ya ndoa, juu ya kilio, juu ya majina ya mapacha. Mimi nimechagua kinywaji. Najua kuna wenye watasema: "Mwalimu mzima anaandika juu ya pombe!" Lakini kunywa pamoja ni mila sawa na zingine. Ina kanuni zake na ina wakubwa wake. Tukiacha kuiandika, vijana watabaki na pombe tu, kanuni zitapotea.

Tuko watu watano wenye kupenda kuloba samaki. Kuna mwalimu mwenzangu wa hesabu, kuna fundi wa umeme, kuna inginia wa kampuni moja ya mugodi, kuna mzee mmoja wa pensheni tunayemwita Papa Mukubwa, halafu mimi. Mara moja kwa mwezi tunatoka upande wa Mashamba, tunaacha nyuma ile milima ya mchanga wa migodi, tunaenda Nzilo. Ziwa hilo halikuumbwa na Mungu moja kwa moja. Lilizaliwa miaka ya 1950, wakati mto Lualaba ulipozibwa na ukuta wa Delcommune ili kupata umeme wa viwanda vya shaba. Siku hizi sisi tunatafuta ndani yake kambale na tilapia.

Kanuni yetu ya kwanza aliiweka Papa Mukubwa: chupa haifunguliwi mpaka mtumbwi umevutwa juu ya nchi kavu na kila mtu amehesabiwa. Maji hayana huruma kwa mlevi. Kwa hiyo tunaloba kwanza, tunakula bukari na samaki, halafu jioni, moto ukiwa umetulia, ndipo inginia anafungua mfuko wake.

Yeye ndiye alituletea ile wiski yenye kuandikwa "single malt" kwenye chupa. Ni kinywaji cha bei, na kwa mshahara wa ualimu singekijua. Wengi wanafikiri neno lile la kwanza linamaanisha nafaka moja, ao mwaka mmoja. Hapana. Linamaanisha kwamba wiski yote iliyo ndani ya chupa imetoka katika kiwanda kimoja tu. Neno la pili ndilo kimea: nafaka iliyolowekwa katika maji, ikaachwa ichipuke, halafu ikakaushwa. Kule Uskoti nafaka hiyo ni shayiri peke yake. Sheria yao inataka pia wiski ikae katika pipa la mti wa mwaloni miaka isiyopungua 3, na isiuzwe ikiwa chini ya asilimia 40 ya alkoholi. Namba ya miaka unayoiona kwenye chupa ni umri wa ile iliyo changa zaidi kati ya zote zilizochanganywa ndani.

Katika miaka hii tumeonja chache, na kila mtu ana yake. Fundi wa umeme anapenda Glenfiddich, yenye chupa ya pembe tatu. Ni laini, ina harufu ya matunda kama peasi. Tone lake la kwanza lilitoka siku ya Noeli ya 1887, wakati Msiri alikuwa angali anatawala Bunkeya. Mwalimu wa hesabu anapenda Laphroaig ya kisiwa cha Islay. Kule wanakausha kimea kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, ambao ni majani yaliyooza maelfu ya miaka. Wanaukata, wanaukausha, wanauwasha kama kuni. Siku ya kwanza Papa Mukubwa alipoinusa alirudisha kikombe: "Mwalimu, hii ni pombe ao ni dawa ya hospitali? Iko nasikia kisiki yenye imeungua!" Mimi mwenyewe nachagua Talisker, ya kisiwa cha Skye. Ina moshi, lakini ndani ya moshi kuna chumvi na pilipili kidogo, na baada ya samaki wa kuchoma sijaona yenye kuishinda. Papa Mukubwa yeye amebaki na Glenlivet, na sababu yake si utamu peke yake.

Sababu yake ni historia. Siku moja nilimweleza kwamba zamani, katika bonde lile la Glenlivet, watu walikuwa wanapika wiski kwa kujificha. Kodi ilikuwa kubwa, mitambo midogo ilikatazwa, basi wakulima wakapika usiku milimani na kuuza kwa magendo. Mwaka 1823 serikali ya Uingereza ilibadilisha sheria, ikapunguza kodi, ikaweka leseni ambayo mtu mdogo anaweza kulipa. Mwaka 1824 mkulima mmoja wa bonde lile, George Smith, akachukua leseni. Majirani wenye kufanya magendo walimkasirikia hata akatembea na bastola mbili kiunoni. Papa Mukubwa alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa nguvu: "Kumbe! Hii ilikuwa lutuku!"

Ndugu msomaji, neno lile halikuniacha tena, kwa sababu Papa Mukubwa alisema kweli kuliko alivyofikiri.

Kila mtu wa hapa anajua lutuku, hata yule anayejifanya haijui. Inapikwa na unga wa muhogo na mahindi. Lakini muhogo peke yake hauwezi kuwa pombe, maana wanga si sukari, na chachu inakula sukari. Ndiyo maana bamama wanaloweka mahindi, wanayafunika mpaka yachipuke, wanayaanika, wanayasaga, wanachanganya. Mahindi yaliyochipuka yana nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari. Hicho ni kimea! Ni kazi ileile ya shayiri ya Uskoti. Hata munkoyo wetu, ambao unanywewa na watoto ukiwa mupya, unafuata elimu hiyo: mzizi wa munkoyo ukitiwa ndani ya uji wa mahindi, uji unakuwa mwepesi na mtamu. Wakubwa wetu walijua jambo hilo bila maabara. Mimi nililisoma katika kitabu nikiwa mwanafunzi wa ualimu, na hakuna aliyeniambia kwamba somo lilikuwa linapikwa nyuma ya nyumba ya jirani.

Bibi yake Papa Mukubwa, tunayemwita Mama Mukubwa, alipika lutuku miaka mingi. Ilikuwa ile miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, wakati mishahara ya migodi ilikuwa inakuja leo na kukosa miezi. Watoto sita walisoma kwa feza ya pipa lile. Alipika usiku, na mara mbili pipa lilitobolewa, akaanza upya. Watu walikunywa lutuku yake, halafu kesho yake kanisani walikataa kukaa karibu naye. Jambo hilo linamuuma mpaka leo.

Siku moja tulimpelekea kikombe cha Glenlivet. Hakukinywa upesi. Alitia tone moja katika kiganja, akasugua mikono, akanusa. Akasema: "Hii balitupa ya kwanza. Na ilikaa mu muti." Inginia alinyamaza, maana ndivyo hasa inavyofanyika. Kule Uskoti, pombe ikianza kutoka katika mtambo, sehemu ya kwanza, yaani kichwa, inatengwa, kwa sababu ina vitu vikali vyenye kuruka mapema. Sehemu ya mwisho, mkia, inatengwa vilevile. Moyo peke yake ndio unaingia katika pipa. Mama Mukubwa naye alikuwa anamwaga kikombe cha kwanza chini. Aliniambia mama yake ndiye alimufundisha: ya kwanza ni ya bankambo, haiuzwi. Waskoti wanasema kwamba kila mwaka karibu asilimia 2 ya wiski inapotea hewani kupitia mbao za pipa, na fungu hilo ni la malaika. Sisi fungu letu ni la bankambo. Na kila upande mila hiyo inamufundisha mpishi kutokuwa na tamaa.

Leo wengi wanafanya kinyume. Ya kwanza ndiyo inauzwa bei ya juu, kwa kuwa ni kali. Wengine wanapika katika mapipa ambayo hakuna anayejua yalibeba nini migodini. Kijana mmoja wa mtaa wetu, dereva wa piki-piki, alikunywa ya namna hiyo siku ya Posho, na siku ya pili macho yake yalikuwa giza. Hayakurudi tena. Kuna sumu moja, methanoli, inayoweza kuwa ndani ya pombe iliyopikwa vibaya ao kuchanganywa. Inapofusha na inaua, na ulimi wa mtu hauwezi kuitofautisha. Hata kumwaga kikombe cha kwanza hakutoshi kuiondoa yote, lazima ipimwe. Mama Mukubwa alipopata habari ya yule kijana, ingawa pombe haikuwa yake, aligeuza pipa lake likawa la kuchotea maji ya mvua. Alisema tu: "Batoto ya leo habajui kungoja."

Kuna jambo lingine ambalo kila nikilikumbuka kando ya moto linanichoma. Mitambo ya wiski ya Uskoti ni ya shaba. Haikuchaguliwa kwa uzuri: shaba inashika vitu vyenye harufu ya kiberiti na kusafisha pombe. Hapa kwetu wakubwa waliyeyusha mukuba wakafanya misalaba ya biashara na ya mahari. Baadaye ikaja Union Minière mwaka 1906, halafu Gécamines, halafu makampuni ya leo, na shaba inaondoka kila siku kwa malori. Lakini Mama Mukubwa alipika maisha yake yote katika pipa la chuma. Nchi ya shaba haikumupa hata bomba moja la shaba.

Sasa niseme ninachoamini. Sitaki tuisifu lutuku ilivyo leo, maana nimeona macho ya yule kijana. Lakini sikubali pia kwamba chupa ya mbali ni ustaarabu, halafu elimu ya bamama wetu ni uchafu. Bonde la Glenlivet lilitoka katika kujificha kwa njia ya leseni nafuu, mtambo safi na kungoja. Hakuna katika hayo jambo ambalo Lualaba haliwezi. Chama chetu kingeanza kwa kazi ndogo: kuwatembelea bamama wazee, kuandika ginsi walivyochagua mahindi, walivyohesabu siku za kuchipusha, walivyojua pa kukata kichwa na mkia. Maabara za masomo yetu zingesaidia kueleza, na wakubwa wa jimbo wangeombwa kufikiri juu ya kupima na kutoa ruhusa.

Wakati tunangoja, sisi watano tunashika kanuni zetu. Mwenye kuleta chupa anaonja wa kwanza, mbele ya wote, kama mila inavyotaka, ili kila mtu ajue hakuna ubaya ndani. Tone moja linaenda chini. Mzee anafuata, halafu wengine kwa umri. Vikombe ni viwili kwa kila mtu, na maji kidogo ndani yake si haya, yanafungua harufu. Mwenye kuendesha gari anakunywa munkoyo, na hakuna anayemucheka. Chupa inayobaki inafungwa, inarudi ndani ya mfuko, inangoja mwezi mwingine.