Kanali Mamadou Ndala na njia ya Kibumba

Watu wa Kibumba wanahesabu vita kwa safari za miguu. Ile ya 2012 iliwashusha hadi kambi ya Kanyaruchinya, magodoro kichwani. Ukiwauliza nani aliwafungulia njia ya kurudi, jina la Kanali Mamadou Ndala halikawii kutajwa.

Mwezi wa saba 2013, habari ilipoenea Goma kwamba kanali ameitwa Kinshasa, wananchi waliingia barabarani kupinga. Kuandamana kwa ajili ya askari! Kivu, ukweli usemwe, raia akiona askari kwanza anaficha simu na kuku wake. Lakini huyu walimwona mbele, kwenye risasi, pamoja na vijana wake makomando. Alibaki.

Mwezi wa nane mapigano yalikuwa makali Kibati. Wanajeshi wa FARDC walikufa pale, na meja mmoja wa Tanzania, wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, akafia palepale, mbali na kwao. Mwisho wa mwezi wa kumi jeshi lilichukua Kibumba, Rumangabo, Rutshuru, hadi Bunagana. Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja M23 ikatangaza mwisho wa uasi wake. Magodoro yakarudi kichwani, safari hii watu wakipanda.

Kanali hakuishi miezi miwili zaidi. Tarehe 2 mwezi wa kwanza 2014, jeep yake ilishambuliwa Ngadi, karibu na Beni, ikaungua naye ndani. Walinzi wake pia walikufa. Kwanza waliotajwa ni waasi wa ADF. Baadaye mwaka huohuo, korti ya kijeshi ilimhukumu pia luteni-kanali wa jeshi lilelile. Kufa kwa risasi ya adui, askari anajua ndiyo kazi yake. Kuuzwa na mwenzako, hakuna aliyeapa kwa hiyo.

Na wale vijana wake waliobaki Kibati, majina yao nani anayataja? Mjane wa askari mdogo anakaa kambini na watoto, anangoja mshahara wa marehemu, siku moja anaambiwa nyumba inahitajiwa. Kwake hakuna maandamano.

Mwaka wa 2022 watu wa Kibumba walishuka tena njia ileile hadi Kanyaruchinya, pamoja na watoto waliozaliwa baada ya kanali kuzikwa.