Kaka Rubani, milioni yangu ya mchezo, na vitabu vya ndege za vita

Wadau wangu, hii stori nimeiweka kiporo miezi. Kila nikikaa niiandike naona aibu, nafunga simu, naenda zangu kulala. Leo nimeamua liwalo na liwe.

Najua wengi mnakuja huku kutaka kujua nani kamuacha nani. Basi leo yumo mtu, ila jina lake nalihifadhi kwa sababu mama yake ni mtu mzima na hajanikosea kitu. Tumwite Kaka Rubani. Na nawaonya mapema: humu katikati kuna vitabu. Vitabu vya ndege za vita, tena vya Kizungu. Msikimbie, mtaelewa kwa nini.

Kaka Rubani nilimjua Forodhani, wiki mbili kabla ya Ramadhani. Mrefu, kanyoa vizuri, anaongea taratibu kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Akasema yuko likizo, anasomea urubani wa ndege za kijeshi, amebakisha kipande kidogo tu cha masomo. Mie jamani nimeishia form four, na matokeo yangu tusiyazungumze hapa. Mtu kama huyo akikuita "mke wangu mtarajiwa" mbele ya watu, unaanza kutembea kama unateleza. Mama akamwambia shangazi, shangazi akawaambia watu wa Mwera, na kabla ya futari ya kumi nusu ya ukoo walikuwa wanauliza posa inakuja lini.

Pesa zikaanza kidogo kidogo. Laki moja ya vipimo vya hospitali. Laki mbili za sare. Nikatoa. Kisha akajua kwamba zamu yangu ya mchezo imefika, nimepokea 1,600,000. Akasema akipata milioni moja na nusu anamaliza leseni yake, akirudi ni ndoa. Zile pesa zilikuwa za cherehani ya umeme ya mama, maana anashona kwa miguu na magoti yamechoka. Mie nilishaanza kujiambia kwamba mama atasubiri. Ndiyo, niliwaza hivyo. Nisitukanwe.

Sasa vitabu vinaingiaje? Nilifanya kazi miaka miwili kwenye nyumba moja ya wageni huku Mji Mkongwe. Kuna kabati wageni wanaacha vitabu walivyomaliza. Mchana kukiwa kimya, bosi kalala, unafanya nini? Nikaanza kuchukua kimoja kimoja, na kamusi pembeni. Cha kwanza kunishika kilikuwa *Going Solo* cha Roald Dahl. Mnamjua huyu, ndiye aliyeandika *Matilda*, ile filamu ya mtoto mwenye akili kupita mwalimu mkuu. Kumbe kabla ya yote alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta hapo Dar es Salaam, alifika 1938! Kitabu nusu nzima kina Dar, kina nyoka, kina simba, maneno ya Kiswahili yamo. Vita vikaanza 1939, akachukua gari akaendesha mpaka Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Waingereza. Alikuwa mrefu karibu mita 2, na zile ndege ndogo za mafunzo, Tiger Moth, zilikuwa wazi juu. Kichwa chake kikawa kinatokeza juu ya kioo, upepo unampiga hapumui, mpaka akafunga kitambaa puani na mdomoni.

Unacheka, unacheka, halafu anakwambia kitu kimoja kwa utulivu kabisa: walianza 16 pale Nairobi, na ndani ya miaka miwili 13 kati yao walikuwa wamekufa angani. Nilifunga kitabu nikakaa tu. Vijana wa umri wangu. Yeye mwenyewe alianguka jangwani 1940, fuvu likapasuka, akakaa wiki kadhaa haoni. Akapona, akapelekwa Ugiriki kupigana tena. Kama Kiingereza chako ni cha kuunga unga kama changu, anza na hiki. Sentensi zake fupi, na hajidai.

Baada ya hapo nikawa mgonjwa wa haya mambo. Na hapa ndipo nilipogundua kitu ambacho skuli hakuna aliyenifundisha: moja ya hadithi kali kabisa za ndege za vita duniani ilianzia hapa hapa, mbele ya Forodhani tunapokula urojo.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914. Manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga hapa bandarini inatengenezwa injini. Ikatokea manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikaipiga kwa mbali, mizinga ya Pegasus haiifikii. Walikufa zaidi ya 30. Ukienda kile kisiwa cha Chapwani, ambacho watalii wanakiita kisiwa cha makaburi, wapo pale. Mie nimepita pale kwa boti zaidi ya mara ishirini nikidhani ni makaburi ya Wazungu tu waliougua malaria.

Königsberg ikakimbia, ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Mikoko ile mnaijua. Unaweza kuficha mji mzima mle. Waingereza wakaizunguka kwa nje lakini hawaioni. Ndipo wakamkodi jamaa mmoja raia, Dennis Cutler, aliyekuwa Durban anawarusha watu kwa kuwalipisha, na ndege yake aina ya Curtiss inayotua majini. Wakamleta mpaka kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na Mafia. Siku ya kwanza akapotea, akaenda kutua kisiwa kingine. Rejeta ikaharibika. Mnajua walitengeneza kwa nini? Kwa rejeta ya gari ya Ford iliyoletwa kutoka Mombasa! Wallahi nilipofika hapo nilimkumbuka fundi wetu wa Darajani anayefunga kila kitu kwa waya. Akaruka tena, akaiona meli, akarudi kusema, hawakumwamini mpaka akampakia ofisa aione kwa macho yake. Desemba ile ile injini ikamgomea juu ya delta, akatua, Wajerumani wakamkamata. Akakaa kifungoni miaka karibu mitatu.

Wakaleta ndege nyingine kutoka Uingereza. Joto letu na unyevu wetu vikazimaliza: gundi inaachia, mbao zinapinda, injini hazina nguvu ya kuinua watu wawili. Rubani anavizia upepo wa kumjia usoni ndiyo ainuke, usipokuwepo anabaki majini kama ngalawa. (Shikeni hapo kwenye upepo, tutarudi.) Mwishowe wakaja na ndege za magurudumu wakazirushia Mafia, na meli mbili pana za mizinga zinazopita kwenye maji machache, Severn na Mersey, zilizoburutwa kutoka Ulaya. Julai 1915 wakaingia mtoni. Meli haziioni Königsberg hata kidogo. Ndege ndiyo inayoona, juu, inatuma kwa simu ya upepo: umezidisha, umepunguza, sogea kulia. Mara ya kwanza, tarehe 6, wakashindwa. Tarehe 11 wakarudi. Rubani Cull na mwenzake Arnold wakapigwa injini, na wakati ndege inashuka kuanguka Arnold bado anatuma maelekezo. Wakaingia mtoni, Cull akanasa kwenye mikanda chini ya maji, Arnold akamtoa. Na Königsberg ikaishia pale pale. Mizinga yake Wajerumani waliiopoa wakaenda kupigania bara. Mmoja uko Fort Jesus Mombasa, jirani na mzinga wa Pegasus. Maadui wawili wamekaa pamoja wanapigwa selfie.

Hii yote ipo kwenye *Königsberg: A German East African Raider* cha Kevin Patience. Kitabu chembamba, kina picha, na ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Mzee mmoja anayetembeza wageni aliniazima, akanihesabia siku. Ukitaka vita vyote kwa ukubwa wake soma *Tip and Run* cha Edward Paice, cha 2007. Ni kinene, niliminyana nacho miezi mitatu kwenye simu, lakini kile hakikufichi kwamba waliokufa kwa wingi ni wapagazi wetu, sio marubani. Ile riwaya ya Wilbur Smith, *Shout at the Devil*, imeibeba hii hadithi ya Rufiji lakini imeongeza yake mengi. Isome kama muvi, usije ukamnukuu mtu.

Turudi kwa Kaka Rubani.

Usiku mmoja baada ya tarawehe tumekaa ukutani Forodhani. Akaanza kunisimulia marehemu baba yake. Ati baba yake alirusha MiG vita vya Kagera, na siku ndege ya Gaddafi ilipokuja kupiga mabomu Mwanza, baba ndiye aliyeitungua ikaanguka ziwani. Watu wa pembeni wakageuka kutuangalia. Mie nikatabasamu, lakini tumboni kitu kikanyweana.

Kwa sababu nilikuwa nacho nyumbani *War in Uganda*, cha Tony Avirgan na Martha Honey. Hawa walikuwa waandishi wa habari wanaoishi Dar wakati ule, na kitabu kilitoka 1982. Nilikipata kwenye vitabu vya mitumba kule Posta Dar, kimeliwa na mende pembeni. Si kitabu cha ndege peke yake, ila ndege zimo. Hiyo ya Mwanza ilikuwa Machi 1979: ndege ya Libya, Tu-22 ya Kisovieti, ililenga mji, mabomu yakakosea yakaangukia Saanane, kile kisiwa cha wanyama. Wakafa wanyama. Ndege haikutunguliwa, ilijiendea zake. Kipo na kingine kipya zaidi, cha Tom Cooper na Adrien Fontanellaz, *Wars and Insurgencies of Uganda 1971–1994*, kimechora ndege moja moja na rangi zake. Kwa kaka zangu mnaopenda mashine hicho ndicho chenu, mie kilinichosha kidogo kwa namba za vikosi.

Nilirudi nyumbani nikasoma ule ukurasa mara tatu. Halafu nikaanza kumtetea. Nikasema, baba gani asiyetia chumvi kwa mwanawe? Labda kijana kaambiwa hivyo toka utoto, kosa lake nini? Nilimtetea mpaka saa nane usiku. Mtu ukipenda unakuwa wakili bila kulipwa.

Kesho yake jioni tukakutana pale pale. Kusi inavuma, mabuibui yanapepea, moshi wa mishikaki wote unatujia sisi. Nikamuuliza kama utani tu: "Hivi mpenzi, upepo ukiwa kama huu, mnapaa mnaupa uso au mnaupa mgongo?"

Hakusita hata kidogo. "Mgongo. Unakusukuma, ndege inaondoka haraka."

Wadau. Dahl anajua. Cutler na ndege yake ya rejeta ya Ford alijua. Mtoto wa siku ya kwanza kwenye Tiger Moth anajua: ndege inapaa ikiukabili upepo. Hilo halina chumvi wala baba. Nilihisi baridi na huku nimekaa jirani na jiko la mkaa.

Sikumpigia kelele. Nilimwambia pesa sina tena, mama kazichukua. Akakaa kimya, akaangalia simu, akasema ana mtu wa kuonana naye Malindi. Siku mbili baadaye ndipo nikamwandikia kwamba najua. Akajibu mstari mmoja: wewe dada unasoma sana, wanaume watakukimbia. Kisha akanifungia.

Laki tatu zangu zilienda, sikuziona tena. Kumwambia shangazi hakuna posa ilikuwa kazi kuliko vitabu vyote vile, maana alishanunua kitambaa. Nililia, sitawadanganya, na mpaka leo nikimuona mtu mrefu pale ukutani moyo unaruka. Cherehani ya mama tuliinunua mwezi wa Shawwal, inanguruma ukumbini hivi ninavyoandika, imefunika hata adhana ya jirani.

Kitu kimoja kinanisumbua. Kwenye vitabu vyote hivi anayeongea ni Mzungu aliye juu ndani ya ndege. Watu wa Mafia na Rufiji waliokuwa chini, waliosikia ule mlio kwa mara ya kwanza maishani mwao, walisema nini? Waliziita nini zile ndege? Sijakipata kitabu chao. Kama una bibi au babu wa huko, muulize alichosikia kwa wazee wake, uje uniandikie hapo chini. Na wewe Kaka Rubani, kama unapita kusoma, najua unapita, kile kitabu cha Dahl nimekirudisha kabatini. Kaazime.