Kupeleka maua Kibarani

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, ingawa mkivumilia mtaona kwamba sijaenda mbali nayo. Msomaji mmoja anayefanya kazi Muscat, kwao Kilifi, ameniuliza swali ambalo kwa watu wengi ni la mchezo: anataka kumpelekea mamake maua mabichi nyumbani, si ya plastiki, afanyeje? Nina jibu kwa sababu mwaka huu swali hilo lilikuwa langu.

Kwanza mjue hali ilivyo. Kenya ni mojawapo ya nchi zinazouza maua mengi zaidi duniani, na waridi ndiyo yanayoongoza. Yanakatwa Naivasha, yanaingizwa kwenye vyumba vya baridi ya nyuzi 2 hadi 4, yanapakiwa gari la barafu mpaka uwanja wa Jomo Kenyatta, yanapanda ndege usiku, na baada ya muda mfupi yako sokoni Aalsmeer, Uholanzi. Huo ni mnyororo mmoja wa baridi usiokatika. Sasa jaribu kulipeleka waridi hilo hilo Kibarani, nje kidogo ya mji wa Kilifi. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, halafu 60 hivi hadi Kilifi. Ni karibu mno ukilinganisha na Ulaya, lakini mnyororo wa baridi haupo. Kuna buti la basi.

Na buti la basi si joto peke yake. Ndizi mbivu, maembe na matunda mengine yakiiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoliambia ua kwamba wakati wake wa kuzeeka umefika. Kwa hiyo shada lako likilala usiku kucha pembeni ya mkungu wa ndizi, litafika limeinamisha shingo hata kama hakuna aliyelikalia. Ukilazimika kutumia basi, mwombe mpokeaji mizigo aliweke mbali na matunda. Atakuona una wazimu, lakini mwombe.

Sasa kisa changu. Dada yangu mkubwa ni kiziwi tangu utotoni. Alisoma Shule ya Viziwi Kibarani, na masomo yalipokwisha hakurudi kwetu Malindi. Alibaki huko huko walipo rafiki zake, watu anaoweza kuzungumza nao kwa ishara bila mtu kumtafsiria. Ni fundi cherehani. Mama yetu hakuwahi kuijua vizuri lugha ya ishara. Alijua ishara za chakula, pesa, njoo, lala, na chache nyingine. Mengi waliyokuwa nayo wao wawili yalipitia puani. Kila dada alipokuja nyumbani, mama alimwekea asumini juu ya mto usiku, na siku ya Idi alimsokotea kikuba na kumbandika mwenyewe nguoni. Mimi nilisikia maneno ya mama maisha yangu yote. Dada alipata asumini.

Mama alifariki mwaka jana. Mwezi wa Januari, siku ya kuzaliwa dada ilipokaribia, nilikuwa Nairobi na mradi ambao haukuniruhusu hata kusafiri Jumapili. Nikaamua kumpelekea maua.

Nilifungua tovuti ya duka moja la maua ambalo sitalitaja. Picha nzuri, malipo kwa M-Pesa, kila kitu safi. Halafu ikaja fomu: mtaa, namba ya nyumba, msimbo wa posta. Wasomaji wa pwani mmeshaanza kucheka. Msimbo wa posta wa Kilifi ni 80108, naujua, lakini hiyo ni anwani ya sanduku. Barua inaweza kulala sandukuni wiki mbili na isipungue herufi. Waridi halina subira hiyo. Mfumo wetu wa anwani ulijengwa ili mtu aufuate mzigo, wala si mzigo umfuate mtu.

Mimi nikajiona mjanja nikatumia Plus Codes za Google. Kwa wasiozijua: ni njia ya kuandika mahali popote duniani kwa herufi na tarakimu chache, bila kuhitaji jina la mtaa. Alama zinazotumika ni 20 tu, tarakimu 2 hadi 9 na herufi 12 zilizochaguliwa bila irabu ili msimbo usije ukaunda neno, hasa la matusi. Dunia inagawanywa mirabaraba, kila mraba unagawanywa tena, na ukifika alama ya kumi unabaki na kipande cha kama mita 14 kwa 14, yaani ukubwa wa nyumba na uwanja wake. Misimbo ya Kilifi huanza na 6G8X, ya Nairobi 6GCR. Haihitaji serikali kuweka vibao, na inafanya kazi hata bila intaneti kwa sababu ni hesabu tupu. Naipenda sana.

Fomu ikaukataa. Msimbo una alama ya kujumlisha ndani yake, na wale wanaoandika programu za wavuti wanajua habari ya alama hiyo: ikipita kwenye anwani ya ukurasa bila kulindwa, upande wa pili hufika nafasi tupu. Sijui ndani yake kulikuwa na nini hasa, ila niliambiwa tu kwamba "anwani si sahihi". Nikaandika maelezo ya kawaida, Kibarani, Kilifi, namba ya simu ya dada, na mstari wa herufi kubwa: MPOKEAJI NI KIZIWI, TUMA UJUMBE, USIPIGE SIMU.

Siku ya siku, saa nane mchana, dada akanitumia picha ya kioo cha simu yake. Simu sita ambazo hazikupokelewa, zote kutoka namba moja asiyoijua. Alikuwa ameketi akiitazama simu ikitetemeka mezani bila kujua ni nani wala anataka nini. Nikaipigia namba ile. Kijana wa pikipiki, mpole kabisa, akaniambia, "Kaka, niko hapa Kibarani nusu saa nzima, huyo mteja hapokei." Nikamuuliza Kibarani ipi. Akasema hii ya Makupa.

Hapo sharti niwaeleze walio mbali. Kuna Kibarani nyingine, iko Mombasa, pale unapoingia kisiwani, na kwa miaka mingi ilijulikana nchi nzima kwa jambo moja: ilikuwa jaa la taka la mji. Jaa lenyewe lilifungwa na mahali pakapandwa miti, lakini jina lilishaenea. Kwa hiyo waridi za siku ya kuzaliwa ya dada yangu zilisimama nusu saa kwenye jua, kilomita 60 kutoka kwake, karibu na lililokuwa jaa. Neno Kilifi lilikuwa limeachwa mahali fulani kati ya fomu na karatasi ya dereva, pamoja na ule mstari wangu wa herufi kubwa. Yule kijana hakuwa na kosa lolote. Alipewa neno moja na namba ya simu, akafanya kama wote tufanyavyo nchi hii: fika karibu, kisha piga simu uelekezwe. Simu ndiyo anwani yetu halisi. Na mfumo huo wote unadhani kila binadamu anasikia.

Dada hakulalamika. Aliandika tu, "Sikujua kama kuna maua." Maneno hayo yalinikaa.

Nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba shida ya shada linalonyauka njiani ilitatuliwa zamani, tena na watu wasio na kompyuta. Mwaka 1910 wauza maua kumi na watano wa Marekani waliungana na kuanzisha ushirika wa kupelekeana oda kwa telegrafu, ule unaojulikana kwa kifupi FTD. Mteja analipa mji mmoja, muuzaji anapeleka telegramu kwa mwenzake wa mji wa pili, na yule wa pili anachuma maua ya kwake na kuyafikisha. Ua halisafiri, husafiri habari. Kwa lugha yetu, usimtumie mtu programu iliyokwisha kukompailiwa kwa mashine ya kwako. Mtumie chanzo, aikompaili kwake kwa vifaa vilivyoko. Nilikuwa nikijaribu kusafirisha waridi la nyanda za juu hadi mahali ambapo halijawahi kuwa ua la watu. Pwani ukimpelekea mtu mzima shada la waridi lililofungwa karatasi ya kung'aa, swali la kwanza ni "kafa nani?"

Maua ya pwani ni mengine. Asumini, mlangilangi, kilua, mkadi, rehani. Hayawekwi kwenye chombo cha maji yatazamwe. Huvaliwa, hulaliwa, huwekwa penye nywele. Kikuba ni kishada kidogo cha maua na majani hayo, kimefungwa kwa uzi, na kazi yake ni kunukia tu. Hudumu usiku mmoja, na hakuna anayetaka zaidi.

Ramadhani ilipofika kati, nikampigia simu mama mmoja wa Malindi anayesokota vikuba, jirani wa zamani wa mama yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha, akaniuliza habari za watu wanane kabla hajaniacha niseme shida yangu. Nilipotaja jina la dada akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Yule asiyesikia. Namjua. Mamako akija kununua rehani kwangu kwa ajili yake."

Nikaeleza kwamba nataka kikuba kimfikie Idi mosi. Nikaanza kumweleza msimbo wangu wa alama kumi. Akanikatiza. "Hizo namba zako ni za nini? Asumini huchumwa alasiri ingali imefumba, yafunguka usiku. Nikichuma saa tisa, saa kumi naipa matatu, magharibi iko kwake. Wewe nipe namba yake ya simu, nitampelekea namba ya gari."

Jamani, namba ya gari! Nimekaa miaka kumi na tano nikibuni vitambulisho vya kipekee kwenye hifadhidata na sikuliona hilo. Kila matatu ina namba ambayo haifanani na nyingine yoyote, imeandikwa kwa herufi kubwa mbele na nyuma, inasomeka ukiwa mbali. Haihitaji kusikia. Haihitaji kuuliza. Ujumbe mmoja mfupi wenye namba ya gari, rangi yake na saa iliyotoka Malindi, na dada anasimama stejini akiangalia magari yanayokuja kutoka kaskazini mpaka aione yake. Dereva hahitaji kujua nyumba, na mpokeaji hahitaji kupokea simu.

Tatizo lililobaki lilikuwa mwezi. Lile duka la Januari lilitaka uchague tarehe siku mbili kabla, na Idi haina tarehe mpaka mwezi uandame. Ni kazi isiyowekeka kwenye ratiba, inasubiri tukio. Yule mama alicheka nilipomuuliza tutapangaje. "Ukitangazwa usiku, mimi kesho alasiri nachuma. Usipotangazwa, nafunga na watu." Nikampelekea pesa kwa M-Pesa, ya kikuba na ya matatu, na akakataa nisiongeze.

Idi mosi, saa kumi na dakika ishirini, nikapata nakala ya ujumbe alioandika kwa dada: namba ya gari, "nyeupe ya mistari ya kijani", na "Idi njema mwanangu". Nikakaa Nairobi na simu mkononi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Saa kumi na moja na nusu, kimya. Saa kumi na mbili, kimya. Gari lilisimamishwa njiani kwenye kizuizi, baadaye niliambiwa. Saa kumi na mbili na robo dada akapiga simu ya video.

Hakuonyesha uso kwanza. Alionyesha jani la mgomba lililofungwa kwa uzi, akalifungua polepole, na ndani mlikuwa na asumini ambazo zilikuwa zinaanza tu kupasuka, rehani, na kipande cha mkadi. Kisha akaegemeza simu kwenye cherehani ili mikono yake iwe huru, na hapo akawa hasemi chochote kwa muda. Alikuwa ameinama amefunika uso kwa lile jani.

Alipoinuka aliniuliza kwa ishara ni nani aliyesokota. Nikamwambia. Akasema alijua, kwa sababu mama alikuwa akifunga uzi kwa kulia na huyu amefunga kwa kushoto, na rehani ni ile ile ila kidogo.

Basi, ndugu wa Muscat, ushauri wangu ndio huo: usitafute duka, tafuta mtu anayechuma, na mwulize kwanza mamako anapenda nini kunusa. Mimi nimeshaagizwa: Idi kubwa, rehani iongezwe, na kikuba viwe viwili, maana yuko jirani mmoja aliyepita dirishani jioni ile akasimama.